Darubini ninayo, picha zinatoka ukungu: nikope ninunue kubwa zaidi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kata mkoani Njombe. Mwaka jana kaka yangu anayeishi Ujerumani alinitumia darubini aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ubavuni imeandikwa 130/650. Haina lenzi mbele, ina kioo ndani, na inakaa kwenye stendi ya miguu mitatu yenye chuma cha kubebea uzito wa kusawazisha. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10, pamoja na lenzi ya Barlow ya mara mbili.

Kwa kutazama tu sina malalamiko. Usiku wa kwanza niliuona Mwezi nikaita nyumba nzima waje. Wanafunzi wa klabu ya sayansi nao wameshauona, na sayari ya Mshtarii wameiona pamoja na miezi yake minne mikubwa. Shida imeanza nilipotaka picha. Niliwaahidi kidato cha tatu kwamba tutabandika ukutani maabara picha tulizopiga wenyewe, kwa sababu picha za anga walizozizoea ni za kwenye vitabu, na baadhi yao wanaamini kabisa kwamba zimechorwa.

Nilianza na simu. Mwezi ukatoka mweupe wote kama balbu, bila hata shimo moja. Nikadunduliza, nikanunua Canon ya mkononi yenye lenzi yake ya 18-55, na ile ringi ya kufungia kamera kwenye darubini. Nikatoa lenzi ya jicho, nikaweka kamera mahali pake. Kila kitu ukungu. Nazungusha kitufe cha fokasi kuingiza ndani mpaka kinagota. Picha inaanza kutulia lakini haifiki. Basi nikaifunga kamera juu ya bomba ikiwa na lenzi yake yenyewe, nikavuta hadi 55, nikaacha shata wazi sekunde 30. Nyota zote zikawa vistari. Kitabu cha maelekezo kinasema mhimili wa stendi uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta mpaka shingo imeuma, siioni.

Mwalimu mwenzangu anasema darubini hii ni ya kuchezea watoto, niiuze, nikope SACCOS milioni tatu niagize ya inchi nane. Fomu nimeshachukua. Mke wangu hajasema neno, ila siku hizi nikiitoa darubini nje haji tena kutazama. Mama, nikope?

Mwalimu, Njombe

*

Marahaba, mwanangu.

Fomu ya SACCOS irudishe. Kioo cha milimita 130 kinatosha kabisa kupiga picha ya Mwezi ambayo mwanafunzi akisogea karibu atahesabu mashimo yake. Shida ulizonitajia hazitokani na udogo wa darubini. Ukinunua ya inchi nane zitakufuata zote, na mbili kati yake zitazidi, kwa sababu bomba refu na zito linakuza kila mtikisiko na kila mwendo wa anga sawasawa na linavyokuza nyota. Mwenzako ana nia njema, lakini anatazama ukubwa wa kioo wakati wewe umekwama kwenye maungio: kamera inakaaje kwenye darubini, na stendi inaifuataje anga.

Tuanze na huo ukungu. Katika darubini ya aina yako, kioo kikubwa cha chini hukusanya mwanga, kioo kidogo cha juu huurusha ubavuni, na picha huundwa nje kidogo tu ya bomba, pale ambapo lenzi ya jicho ilikusudiwa kukaa. Kamera yako haiwezi kufika hapo. Kwenye Canon za namna hiyo sensa, yaani kile kibapa kinachopokea picha, iko milimita 44 nyuma ya mdomo wa kamera. Ongeza unene wa ringi, inakuwa milimita 55. Sensa inabaki nyuma ya mahali picha ilipo, na kitufe kinagota kabla hazijakutana. Hakuna ulichoharibu.

Dawa yake unayo tayari kwenye boksi, nayo ni hiyo Barlow. Kazi yake inayojulikana ni kukuza, ila pia huisukuma picha nje zaidi, kwa hiyo sensa inaifikia. Itazame upande wa juu: Barlow nyingi zina nyuzi za skrubu ambazo ringi ya kamera inajifunga moja kwa moja. Kama yako haina, adapta ya kuingiza ndani yake haina bei kubwa. Wapo wanaokisogeza kioo kikuu mbele kwa skrubu ndefu ili kamera ifike bila Barlow. Ni kazi halali, lakini kioo kikishaguswa vioo vyote viwili vinatakiwa kupangwa upya vitazamane sawasawa, na sitaki uanzie huko.

Wewe ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo nikupe hesabu moja utakayoweza kuipeleka darasani. Mwezi unachukua karibu nusu digrii ya anga. Ukigawanya urefu wa fokasi, yaani umbali toka kioo hadi picha inapoundwa, kwa 110 unapata upana wa Mwezi juu ya sensa. Darubini yako ni ya milimita 650, unapata karibu milimita 6. Ukiweka Barlow zinakuwa 12 au zaidi kidogo, na sensa ya kamera yako, kama ni ya daraja la kawaida, ina milimita 22 kwa 15. Yaani Mwezi mzima unaingia na kuijaza fremu. Sasa fanya hesabu hiyo kwa Mshtarii: hata kwa Barlow, duara lake ni robo ya milimita tu. Ndiyo maana nasema anza na Mwezi, na ukae nao muda mrefu kuliko unavyodhani.

Ule weupe wa simu una sababu yake. Upande wa Mwezi unaong'aa ni mawe na vumbi vilivyopigwa na jua la mchana mkali. Simu inaona giza kubwa pembeni, inadhani mandhari yote ni giza, inaongeza mwanga, mawe yanaungua, yaani yanabaki weupe mtupu. Tumia lenzi ya milimita 25, zima hali ya usiku, bonyeza kidole juu ya Mwezi kwenye skrini ukishikilie mpaka ijifunge hapo, kisha shusha mwanga mpaka mashimo yajitokeze. Usiishike simu kwa mkono. Kishikio cha kuifungia simu kwenye lenzi ya jicho ni kitu kidogo, nacho kitakupa picha ya kwanza ya ukutani kabla hata hujaigusa Canon. Weka taima ya sekunde chache, ili kidole kikishaondoka darubini itulie kwanza.

Kwa Canon, weka M, yaani upange kila kitu mwenyewe, na uhifadhi picha kwa RAW, yaani ikiwa ghafi. Mwezi ukiwa nusu, ukiwa na Barlow, anzia ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 na shata ya 1/125 ya sekunde, kisha itazame picha: pakiungua ongeza spidi, pakiwa giza punguza. Mwezi mpevu unamudu ISO 100. Fokasi usiipime kwa tundu la kutazamia. Washa skrini ya nyuma, kuza mara kumi, tafuta mpaka wa mwanga na giza, zungusha kitufe taratibu hadi kingo za mashimo zikate. Utaona picha inachezacheza kama iko chini ya maji. Hiyo ni hewa. Hewa hiyo unaweza kuipunguza. Toa darubini nje nusu saa au zaidi kabla ya kazi ili kioo kipoe. Iweke kwenye majani, siyo juu ya sementi. Na usipige picha juu ya paa la bati la jirani au juu ya jiko linalotoa moshi, kwa sababu hewa ya joto inayopanda hapo huichezesha picha.

Wengi hungoja Mwezi mpevu, nami sikubaliani nao. Siku hiyo jua linaupiga kutoka mbele na vivuli vyote vinatoweka. Piga kuanzia siku ya saba hadi ya kumi tangu kuandama. Siku ya tisa au ya kumi utalipata shimo la Copernicus karibu na mpaka wa giza. Upana wake ni kilomita 93. Kuta zake zimeshuka kwa ngazi, na katikati kuna vilima ambavyo vilele vyake vinapata jua wakati sakafu bado ina kivuli. Picha hiyo moja, ikichapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, itamaliza ubishi wa kwamba zimechorwa, hasa kama aliyebonyeza kitufe ni mmoja wao.

Sasa Nyota ya Kaskazini. Hutaiona hata ukikesha mwaka mzima. Njombe iko digrii 9 na kitu kusini mwa ikweta, na nyota ile imekaa karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, ambayo kwako iko chini ya upeo wa macho. Kitabu chako kiliandikwa kwa mtu wa Ulaya. Ncha yako wewe ni ya kusini, na iko juu ya upeo kwa digrii zilezile 9, pungufu kidogo ya ngumi ya mkono ulionyooshwa. Kuna nyota karibu na hapo, Sigma ya kundi la Octans, lakini ni hafifu mno, na kwa urefu huo mdogo, na moshi wa mashamba, usipoteze usiku wako kuitafuta.

Fanya hivi. Tafuta kusini kwa dira ya simu ukiwa umesimama mbali na vyuma vya stendi. Shusha mhimili kuelekea digrii 9. Hapo ndipo utakapokutana na kizuizi ambacho kitabu hakikitaji: stendi nyingi ndogo hazishuki chini kiasi hicho, na uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Zungusha miguu ili miwili ielekee kusini, uzito upite katikati yake. Kisha refusha mguu wa kaskazini mpaka stendi nzima iinamie kusini kwa zile digrii zilizobaki, na utundike mfuko wa mawe katikati ya miguu isije ikapinduka. Halafu jaribu: chagua nyota iliyo juu sana, ifuate kwa ule mkono wa kuzungushia mhimili, uone kama inateleza kwenda kaskazini au kusini. Ikiteleza, geuza kichwa cha stendi kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka itulie. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima. Wape wanafunzi wafanye; hakuna somo bora kuliko hilo la kuonyesha kwamba dunia inazunguka.

Na inazunguka kasi, digrii 15 kwa saa. Kwenye darubini yako bila Barlow, sekunde moja ya shata wazi inaihamisha nyota kwa karibu pikseli kumi. Ndiyo maana bila mota ya kuizungusha ifuate anga darubini itakupa Mwezi na sayari zenye mwanga mkali tu, kwa sababu hizo zinapigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mota ya mhimili mmoja kwa stendi kama yako ni kifaa kidogo, bei yake ni sehemu ndogo ya huo mkopo, nayo ndiyo ningekutaka ununue kwanza. Kisha uwe mkweli kuhusu stendi yenyewe: ni nyepesi, na kamera juu yake ni mzigo. Usitarajie dakika tano. Tarajia sekunde 15 au 20, upige nyingi, uzirundike moja juu ya nyingine kwa kompyuta. Picha mia zikirundikwa, chengachenga zinapungua mara kumi. Programu ya DeepSkyStacker na ya Siril ni za bure. Siku ukiwa na hela ya kweli, hela yako mwenyewe, anza kwa kubadilisha stendi. Bomba libaki hilohilo.

Wakati mota bado haijaja, hiyo kamera uliyoifunga juu ya bomba haikukosea mahali. Ilikosea lenzi na muda. Rudisha lenzi hadi 18, fungua tundu lake hadi f/3.5, ISO 1600 au 3200, sekunde 10 hadi 15, usiku usio na mwezi. Na hapa Njombe imebarikiwa kuliko Ulaya yote. Kiangazi chenu, Juni mpaka Oktoba, ndicho kipindi ambacho katikati ya galaksi yetu hupita karibu na utosi wenu. Mtu wa Ujerumani anaiona imelala chini kusini, ndani ya ukungu na taa za miji. Wewe unaiona juu, na vijijini kwenu taa ni chache. Kaka yako akija likizo, mtoe nje saa tatu usiku mwezi wa Julai atazame. Kuelekea Oktoba, saa nane usiku, Kilimia na kundi la nyota la Orion zinakuwa zimepanda vizuri, na pale chini ya nyota tatu za katikati ya Orion kuna wingu la gesi ambalo hata lenzi ya 55 inalinasa.

Wingu hilo ndilo la kwanza la aina yake kupigwa picha. Daktari mmoja wa New York, Henry Draper, alilipiga tarehe 30 Septemba 1880, akiacha shata wazi dakika 51, tena kwa darubini kubwa kuliko yako. Baba yake, John William Draper, alikuwa ameupiga Mwezi mwaka 1840, kamera zenyewe zikiwa changa kabisa. Wasimulie kidato cha tatu. Baba akaanza na Mwezi, mtoto akafika kwenye nebula, yaani wingu kama hilo, miaka 40 baadaye.

Fokasi ya nyota ni ngumu kuliko ya Mwezi, lakini kuna kifuniko alichokibuni Mrusi Pavel Bahtinov mwaka 2005, na unaweza kukikata kwa kadibodi. Ni duara lenye mikato sambamba iliyopangwa kwa pande tatu zinazotofautiana. Ukilifunika mdomo wa darubini na kuielekeza kwenye nyota kali, nyota inatoa miali mitatu. Wa katikati ukikaa sawasawa kwenye njiapanda ya miwili mingine, fokasi imefika. Ondoa kifuniko, piga. Vipimo vya kuchorea vinapatikana bure mtandaoni.

Kwa Mshtarii na Zohali, usipige picha, piga video ya dakika moja au mbili. Isizidi sana hapo, maana Mshtarii hujizungusha chini ya saa kumi na mikanda yake inahama. Programu ya AutoStakkert, nayo ya bure, itachambua maelfu ya fremu, ichague zile ambazo hewa ilitulia, izirundike. Kisha kuna jambo ambalo kama ningekuwa darasani kwako ningelifanya kabla ya yote: ongeza mwanga mpaka duara la sayari liungue, miezi minne ijitokeze, upige kila usiku anga ikiruhusu. Mmoja wao, Io, huizunguka sayari kwa chini ya siku mbili, mwingine, Callisto, kwa karibu siku 17. Wanafunzi wakipima umbali kwa rula kwenye picha zao wenyewe wataifikia kanuni ya tatu ya Kepler, ile inayounganisha umbali na muda wa mzunguko, kwa mikono yao.

Usiku wa Juni kwenu una baridi ya kuganda vidole, kwa hiyo betri ya akiba ikae mfukoni mwilini. Umande ukiangukia kioo usikifute kwa kanga wala kitambaa chochote. Kiache kikauke chenyewe ndani. Zungushia mdomo wa bomba mkeka wa sponji uliochomoza mbele, umande utachelewa.

Kuna moja silegezi kamba hata kidogo. Darubini isielekezwe kwenye Jua bila chujio maalumu lililofungwa mbele ya mdomo wa bomba. Filamu za eksirei, miwani ya jua, kioo cha kuchomelea, vyote havifai kwenye darubini. Jicho linaungua papo hapo na halirudi. Mchana ifungie kabatini, funguo ukae nao wewe, na ile darubini ndogo ya kulengea iwe na kifuniko muda wote.

Kuhusu mkeo, mwambie leo hii kwamba fomu umeirudisha. Usingoje mpaka uwe na picha nzuri ya kumtuliza nayo. Akishajua pesa za nyumba ziko salama, mwite siku ya tisa tangu Mwezi kuandama, simu ikiwa imefungwa kwenye lenzi, umpe yeye abonyeze.

Halafu agiza mota. Ikifika itakuwa na swichi ndogo ya N (kaskazini) na S (kusini). Wauzaji huiacha kwenye N, na ukiiwasha hivyo itakimbia upande usio wako, nyota zitoke vistari virefu kuliko vya kwanza. Isogeze kwenye S kabla hujafunga skrubu.